Mugomba Tuliozika kwa Jina la Olive

Musinihurumie kwanza. Hapa kwetu ku Cimpunda, mu Bukavu, watu wana tabia hiyo: ukifungua mudomo tu, wanatikisa kichwa, "pole, Maman Olive, pole sana," halafu wanaondoka na nusu ya habari na kwenda kuiharibu mbele ya wengine. Leo nataka musikilize mupaka mwisho, maana mutu mwenye nimemuwekea kinyongo si yule munamufikiria.

Mwenye aliua mutoto wangu alikuwa anaitwa Philémon, fundi wa mashini za kushona. Mashini ikianza kukata uzi au kula kitambaa, unamuita. Anakuja na kisanduku chake cha mafuta na bisibisi, anakaa chini ku mukeka, anaitengeneza huku anakuchekesha. Mimi mwenyewe nilimufungulia mulango. Mimi mwenyewe nilimupa bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikamwambia Olive amuletee maji ya kunawa. Olive alikuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa anajifunza kushona kwangu, na tayari alikuwa ananishinda ku kola na mikono ya blauzi. Siku moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa 2018, alitoka kwenda kununua vifungo ku soko la Kadutu. Hakurudi.

Tulimutafuta. Namna tulivyomutafuta sitaisema, nitakosa nguvu ya kuendelea. Miaka miwili baadaye Philémon akakamatwa, kwa sababu musichana mumoja alimuponyoka na kupiga kelele mupaka watu wakatoka mu nyumba zao. Mu mahakama akakubali wasichana wane, wote wanafunzi wa ushonaji, na akawapeleka polisi mahali alipowafukia, mumoja mumoja. Wakamuuliza kuhusu Olive. Akasema, "Huyo simujue." Akaniangalia mimi, akatabasamu kidogo. Mama wale wane wakachukua watoto wao, wakaenda kuzika. Mimi nikapanda mulima kurudi nyumbani na mikono mitupu.

Hapo ndipo ugomvi na watu wa bwana yangu ulianza. Bwana yangu alikufa zamani, amelala ku Walungu, mu shamba la mudogo wake Ezéchiel. Mu ukoo wao, mutu akipotea na maiti haionekani, kilio hakiwezi kubaki wazi. Wanakata mugomba, wanaufunga mu kikwembe, kitenge cha mwanamuke, kama mutu, wanaulaza mu kaburi, wanalia, wanatupa udongo. Basi, huyo amezikwa. Kuanzia siku hiyo hatafutwi tena na hachimbiwi kaburi lingine ku ardhi yao, hata mifupa yake ikionekana kesho yake, kwa sababu kumuzika mutu mara mbili ni kuita mwingine wa nyumba hiyo amufuate.

"Shemeji, tuuzike mugomba," Ezéchiel alikuwa ananiambia kila akishuka muji. "Kijana wangu anataka kuoa. Nitapokea bibi-arusi namna gani mu nyumba yenye kilio?"

"Kijana wako angoje," nilikuwa najibu. "Mimi sizike shina la ndizi mahali pa mutoto. Nikipata hata kidole chake kimoja, nitakileta alale pembeni ya baba yake. Muniachie nafasi yake."

Nafasi ilikuwepo, upande wa kushoto wa bwana yangu. Ezéchiel alikuwa amepanda maua kidogo ili watu wasipite juu. Ni mutu mwema, Ezéchiel, ila kichwa chake ni kigumu.

Sasa ndipo alikuja Apollinaire. Alitoka ku Nguba, mu nyumba nzuri ya chini karibu na ziwa aliyoachiwa na baba yake. Alikuwa ameandika vitabu viwili vya Kifaransa ambavyo alikuwa anawagawia watu bure, na bure hiyo hiyo hawakuvisoma. Akaniambia anaandika filamu: kuna muuaji iko mu gereza, na mwandishi anaenda kumusikiliza kila wiki, na pole pole muuaji anaanza kumuingia mwandishi mu akili.

"Huyo mwandishi ni nani?" nikamuuliza.

"Ni mutu wa kubuni, Maman Olive."

Mutu wa kubuni! Nilikuja kumuona ku filamu baadaye, amevaa koti la Apollinaire, na miwani ya Apollinaire inaning'inia ku shingo. Hata kikohozi kilikuwa chake.

Lakini sitasema uongo: nilimupenda. Kwa mwaka muzima alikuwa anaenda gereza kila Alhamisi, anamupelekea Philémon sukari na sigara, na kila Ijumaa anapita kwangu. Alikuwa mutu wa kwanza kuniuliza Olive alikuwa namna gani akiwa muzima. Polisi waliuliza urefu na rangi ya nguo. Yeye aliuliza alikuwa anacheka na nini. Nilimwambia anavyolala na redio sikioni, anavyochukia samaki wadogo wa ndagala, anavyoimba mu korali mbele kuliko wenzake mupaka maestro anamukasirikia. Aliandika yote. Alikula kwangu, alilala mara moja ku kiti mvua ilipomukuta. Nilikuwa nangojea Ijumaa kama mugonjwa anangojea munganga.

"Musizike mugomba," aliniambia. "Philémon ananiamini sasa. Anaficha ya Olive kwa sababu ni kitu pekee kilichomubakia mu mukono. Siku moja atasema, na nitakuletea."

Kwa neno hilo nilimufukuza Ezéchiel mara mbili. Kijana wake alingoja, musichana wa watu akangoja, nyumba nzima ku Walungu ikaninunia, na mimi nilikuwa nasema tu: Apollinaire ataniletea.

Ijumaa moja alikuja, hakukaa. Alisimama ku mulango, maji ya mvua yanachuruzika ku koti.

"Amekufa, Maman. Homa. Juzi."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja. Ameondoka na siri yake." Na akalia, machozi ya kweli kabisa. Mupaka leo najiuliza yalikuwa machozi ya nini.

Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba labda Ezéchiel alikuwa na haki. Mutu hawezi kukaa na kidonda wazi maisha yake yote. Mugomba utanipa mahali pa kupeleka maua. Na kama sitakataa, angependa kuja na watu wake wa kamera, kwa heshima, mbali kidogo, ili dunia ione namna mama wa Kivu anavyozika mutoto asiyeonekana. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nilikuwa nimechoka mupaka ku mifupa. Nikasema ndiyo.

Tulienda ku Walungu siku ya Jumamosi. Ezéchiel akakata mugomba wenye urefu wa Olive. Mimi ndiye nilimuonyesha urefu kwa mukono. Niliufunga mu kikwembe chake cha korali, kile nilikuwa nimekataa kumupa mutu yeyote. Wakachimba upande wa kushoto wa bwana yangu, wakaushusha. Nililia sauti ambayo sikujua iko ndani yangu. Nikatupa udongo. Na hapo kijana wa kamera akamunong'oneza Apollinaire, na Apollinaire akanisogelea, akaniomba pole pole kama ninaweza kutupa udongo tena, kwa sababu wingu lilikuwa limefunika jua. Nikatupa tena. Mungu anisamehe, nilitupa tena. Wanawake wa ukoo waliangaliana, lakini hawakusema kitu mbele ya wageni.

Mwezi uliofuata kijana wa Ezéchiel akaoa. Nilienda ku arusi, nikacheza. Na kweli moyo ulitulia kidogo. Hilo pia ninalisema, kwa sababu ndilo linaniuma zaidi.

Filamu ilionyeshwa miezi minane baadaye mu salle ya paroisse, ule ukumbi mukubwa wa kanisa, saa nane ya muchana. Wakaniweka mustari wa mbele, pembeni ya Gisèle, bibi ya Apollinaire, mutu mupole anayefundisha watoto wa shule ya primaire. Alinishika mukono tangu mwanzo. Niliona fundi wa uongo akifungua mashini ya uongo, na musichana wa uongo akimuletea maji. Nyuma yangu watu walikuwa wanavuta pumzi. Niliona mazishi yetu ya Walungu, mimi mwenyewe, mukubwa kama ukuta, natupa udongo ule wa mara ya pili, jua likiwa zuri kabisa. Watu walilia. Mimi nilijikaza.

Halafu ukaja mwisho. Muuaji iko mugonjwa, amelala chini, anamuita mwandishi karibu. Anamwambia: yule wa mwisho, nilimufukia ku ukingo wa ziwa, chini ya maua. Alikuwa na blauzi ya kijani. Mukono wa kushoto haukuwa umeshonwa, ulikuwa umeshikizwa tu na uzi mwekundu.

Sasa musikilize vizuri. Asubuhi ile Olive alivaa blauzi ya kijani ambayo hatukuwa tumeimaliza. Uzi wa kijani uliniishia, nikashikiza mukono wa kushoto na mwekundu, ili tuumalize jioni. Nilimwambia aivue, watu watamucheka. Alikataa. Nilimutukana, nikamwambia yeye ni muchafu na ataniaibisha. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, na kwa aibu hiyo sikumwambia mutu habari ya mukono ule. Polisi niliwaambia blauzi ya kijani, basi. Apollinaire nilimwambia hivyo hivyo. Padri peke yake alijua nilimutukana, na hata yeye sikumutajia uzi.

Watu walisimama kupiga makofi. Mimi nilipita katikati yao, nikamukuta Apollinaire inje ku ngazi, watu wanamupa mukono. Nikamushika koti.

"Uzi mwekundu uliutoa wapi?"

"Maman Olive, tutaongea, ngoja watu..."

"Uliutoa wapi?"

"Ni filamu, Maman. Mambo ya kubuni."

"Ulibuni mukono wa kushoto? Ulibuni rangi?"

Gisèle alikuwa amefika nyuma yangu. Akamuangalia bwana yake, akasema, "Mujibu."

Akajibu. Philémon alimwambia kila kitu wiki mbili kabla ya kufa. Wiki mbili! Na zile wiki mbili Apollinaire alikuja kwangu Ijumaa zote, akala, akaniangalia usoni. Alisema filamu haikuwa na mwisho. Akanieleza kwamba kama angeniambia, tungechimba, redio zingetangaza, na muji wote ungejua mwisho kabla haujaingia mu salle. Eti alikuwa amepanga kuniambia leo, baada ya makofi, iwe kama zawadi.

"Na mugomba?" nikamuuliza. "Mugomba kwa nini, Apollinaire? Kama ulitaka kunyamaza, ungenyamaza tu. Kwa nini ulinituma kuzika mugomba?"

Aliangalia viatu vyake. "Ile scène ya mazishi," akasema. "Bila ile scène filamu haikuwa na moyo."

Sikumupiga. Watu wanasema nilimupiga, ni uongo. Nilimuuliza Olive iko wapi kweli, kwa sababu ukingo wa ziwa nilijua ni uongo: pale mu filamu ni chini ya nyumba yake mwenyewe ku Nguba, niliyatambua maua. Akasema ni ku Cimpunda. Nyuma ya kibanda ambamo Philémon alikuwa anaweka mashini zilizokufa kuna sakafu ya sementi karibu na bomba la maji. Philémon aliimwaga mwenyewe, wiki ile ile Olive alipopotea, na wanawake wakamushukuru kwa sababu walikuwa wanafulia mu matope.

Naijua sakafu hiyo. Nilifulia pale miaka mitano. Nilikuwa napiga mashuka pale kwa nguvu zangu zote, tunacheka na jirani, sabuni inateremka ku nyufa.

Tuliivunja kesho yake, pamoja na shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, na polisi wawili. Sitaeleza. Blauzi ilikuwa imeoza, imekuwa rangi ya udongo, lakini uzi ule wa nailoni haukuoza. Polisi alitaka kuukata kwa kisu, nikamwambia aache, nikaufungua mwenyewe kwa vidole. Waliandika karatasi zao, daktari akaangalia meno, wakanipa mutoto wangu mu sanduku dogo ambalo ningeweza kulibeba mugongoni. Na nililibeba hivyo, muniambie nina wazimu.

Nikapanda naye gari mupaka Walungu. Ezéchiel alitoka mu nyumba, akaona sanduku, akajua. Alikaa chini mu vumbi, akalia kama mutoto mudogo. Alipomaliza, akasema hapana.

"Kaburi la Olive limejaa, shemeji."

"Limejaa mugomba."

"Tulipouzika, mugomba ule ulikuwa Olive. Uliufunga wewe, uliupa urefu wewe, ulitupa udongo wewe. Mara mbili." Akanionyesha bibi ya kijana wake, amesimama ku mulango wa jikoni, tumbo limefika miezi saba. "Nimuzike Olive mara ya pili, halafu huyu akizaa mutoto amekufa, nitamwambia nini?"

"Unaamini hivyo kweli?"

"Sijui kama naamini. Lakini siwezi kujaribu ku tumbo la mutoto wa watu."

Nilitaka kumuchukia, nikashindwa. Hakuna uovu mu yule mutu. Kama Apollinaire angefungua mudomo wiki ile, nafasi ilikuwa wazi, maua yamepandwa, baba yake anangoja. Nilikaa pale mupaka gari la mwisho, nikarudi Bukavu na sanduku ku magoti.

Siku ya tatu Apollinaire akaja. Sanduku lilikuwa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Alipiga magoti mbele yake, na safari hii hakulia.

"Maman Olive, niambie nifanye nini. Chochote. Nitafanya."

"Chochote?"

"Chochote, naapa."

"Nipe udongo. Ku Nguba, pale chini, mu yale maua. Si pale ulimuzika mu filamu? Basi malizia."

Alidhani ni hasira inasema. Akaanza: sheria haikubali, watu wa komini, majirani, ziwa liko karibu. Mimi nilikuwa nangoja tu. Mwishoni kikatoka kile kilichokuwa ndani: "Na siku nikitaka kuuza nyumba? Nani atanunua nyumba yenye kaburi?"

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu salle. Na nitawaambia wazi, makaburi ya muji yapo, ningeweza kumupeleka huko kama watu wengine. Sikutaka. Nilitaka huyu mutu afungue dirisha kila asubuhi na amukute pale.

"Mupe," sauti ikasema. Ni Gisèle, alikuwa amemufuata, amesimama ku mulango na mwavuli.

"Wewe huelewi mambo haya," Apollinaire akamwambia.

"Nilikuwa nimemushika mukono mu salle. Nilisikia unavyokuwa baridi, na sikujua kwa nini. Mupe. Ukikataa nitamupa mimi, na wewe utafute pa kulala."

Tulimuzika Alhamisi asubuhi. Padri alikuja, hakuuliza sana. Apollinaire alichimba mwenyewe, na kwa kuwa hajawahi kushika jembe, viganja vyake vilichubuka haraka. Nilisimama juu yake. Kila aliposimama nilimwambia: bado, ongeza. Hapakuwa na kamera.

Filamu imeenda mbali tangu hapo. Nasikia huko inchi za watu wanalia sana wakifika ku mugomba. Mimi kila Dimanche baada ya misa nateremka Nguba, Gisèle ananifungulia, Apollinaire anaingia ndani. Musiniulize kama nimepata amani. Mahali ni pazuri, ziwa liko pale, ndege wako pale, na mutoto wangu amelala ku maua ya mutu mwingine kama mupangaji.

Mwezi uliopita Ezéchiel alishuka kunisalimia. Mujukuu wake alizaliwa muzima, na nilimushonea kofia. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, nafasi yangu ya kaburi, upande wa kuume wa bwana yangu, ameizungushia fito, hakuna mutu atakayeigusa. Nikamwambia apande viazi.

"Unakataa kulala na bwana yako, shemeji?"

"Bwana yangu iko na mugomba pembeni. Olive hana mutu."

Dimanche iliyofuata niliteremka Nguba, nikapitia dirisha la Apollinaire. Alikuwa ku meza yake. Nikamwambia asipande tena kitu upande wa kushoto wa Olive, na ayaondoe yaliyopo. Akauliza kwa nini.

"Ni nafasi yangu," nikasema. "Wewe ni mudogo kwangu miaka kumi na tano. Utakuwa bado na nguvu ya kuchimba."

Halafu akatoka na jembe, akaanza kung'oa maua.